Mipapai Dume Iliyokatwa

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani yake, Sindano aliokota maua yaliyoanguka.

Yalikuwa maua ya mipapai, meupe, manene, bado mabichi. Yalitapakaa chini ya miti kama vifungo vilivyomwagika. Aliyazoa upesi akayatupa kwenye shimo la takataka, maana hakutaka mtu ayaone. Lakini yule ambaye hakutaka ayaone kuliko wote alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye kigoda mlangoni, anamtazama.

"Yamepukutika tena?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe alitikisa kichwa. "Sijui huo mkono wako ni mkono gani," alisema. Alisema kwa sauti ya kumfikia jirani, na ndivyo alivyotaka.

Sindano aliuma meno. Aliingia chumba cha mbele, akavuta kiti, akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Watu walimwita Sindano kwa sababu mbili. Alikuwa fundi wa nguo, halafu ulimi wake ulikuwa mkali. Mteja aliyechelewa kuchukua sare za wanawe alijua atachomwa. Lakini ndani ya nyumba hii ulimi huo ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameolewa miaka sita na hakuwa amepata mtoto. Kila alipotaka kujibu, alijua jibu atakalorudishiwa. Basi alinyamaza, na hasira zilibaki zikimchemka kifuani kama maji kwenye sufuria iliyofunikwa.

Ile mipapai ilikuwa yake. Aliianza kwa mbegu za papai moja tamu alilopewa na mteja. Aliziosha mbegu, akazianika kivulini, akazipanda kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini. Miche ilipofika urefu wa shubiri moja, aliihamishia nyuma ya nyumba. Ilipona kumi na miwili. Mwezi wa tano tangu kupandwa ikatoa maua, na Sindano akacheka peke yake uani.

Maua hayakufanana. Mipapai minane ilitoa maua makubwa, mojamoja, yaliyokaa karibu na shina. Minne ilitoa vijiti virefu vilivyoning'inia, vimejaa maua madogo kama pilipili kichaa.

"Haya ni madume," mama mkwe alisema siku hiyo. "Hayazai. Yanakula mbolea bure."

Siku mbili baadaye Sindano alikwenda dukani kununua nyuzi na zipu. Aliporudi alikuta mipapai minne imelala chini, utomvu mweupe unachuruzika. Mume wake alikuwa anafuta panga kwa jani.

Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti na madirisha kwenye karakana ndogo mbele ya nyumba. Wenzake walimwita Cheche.

"Nani kakwambia ukate?" Sindano aliuliza.

"Madume hayo. Dume litazaa nini?"

"Uliniuliza?"

"Mke wangu, nimekusaidia kazi, unanigombeza?"

Aliiburuta ile miti mmoja mmoja mpaka shimoni, peke yake, na hakutaka mtu amsaidie.

Tangu siku hiyo maua ya ile minane yalifunguka na kuanguka, yakafunguka na kuanguka. Cheche alileta dawa ya wadudu, akapulizia miti yote asubuhi, maua yakiwa wazi. Yakazidi kuanguka. Na mama mkwe alipata maneno mapya. Aliyapeleka bombani, akayapeleka kwa muuza mkaa, akayapeleka kwenye mkutano wa kina mama. Kwamba kuna mikono mingine ikipanda kitu, kitu hakizai. Hakutaja jina. Nani angehitaji jina?

Siku moja wakiwa mezani, Cheche alisema bila kumtazama mkewe, "Jumamosi nakata ile mipapai yote. Karakana imejaa. Nitaweka vyuma pale."

"Afadhali," mama mkwe alisema. "Kiwanja kisicho na faida ni cha nini?" Kisha akaongeza, akichezea kijiko, "Na wewe mwanangu, umri unakwenda. Mwanamume hakai miaka sita anasubiri. Wanaume wengine wangeshajua la kufanya."

Cheche aliinamia sahani yake, asiseme lolote.

Ule ukimya wa mume wake ndio uliomuuma Sindano zaidi. Alisimama, akaacha chakula. Kesho yake asubuhi alifunga cherehani, akavaa viatu, akatoka. Alitembea kwa hasira mpaka kwenye ofisi ya kilimo.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kabati lisilofunga na mifuko ya mbegu sakafuni. Bibi shamba alikuwa mwanamke mfupi, mtu mzima, amevaa mabuti yenye tope. Alikuwa anaandika, na hakuinua kichwa.

"Kuna nini?"

"Mipapai yangu inatoa maua, haizai."

"Maua makubwa, karibu na shina?"

"Ndiyo."

"Yenye maua madogo ya kuning'inia unayo mingapi?"

"Ilikuwa minne. Imekatwa."

Bibi shamba alitupa kalamu mezani. "Imekatwa!" alisema. "Kila mwezi namkuta mtu kakata dume. Nimebandika tangazo, nimesema kwenye mikutano, nimesema mpaka koo limekauka. Nani kakata?"

"Mume wangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kununua nyuzi."

Bibi shamba alimtazama Sindano kwa mara ya kwanza. Aliona macho mekundu. Alivuta kiti, akamsogezea.

"Kaa, mwanangu. Miti yako haina ugonjwa, na mkono wako hauna kasoro. Mipapai iko ya aina tatu. Iko jike, iko dume, na iko ile yenye maua ya jike na dume pamoja, ambayo inajitosheleza. Yako iliyobaki ni majike matupu. Ua la jike haliwezi kuwa papai mpaka lipate chavua kutoka kwenye ua la dume. Chavua ni unga wa njano, laini kama poda. Upepo unaubeba. Nyuki wanaubeba, na vipepeo wa usiku pia. Usipofika, ua linaanguka. Basi."

"Kwa hiyo madume yalikuwa na kazi."

"Kazi kubwa! Dume moja linatosha majike kumi. Yakizidi hapo unaweza kupunguza. Lakini kuyakata yote ni sawa na kujikatia mapapai yako mwenyewe."

Sindano alihisi damu inampanda kichwani. Miezi yote ile ya kusemwa! "Anataka kukata hata hii iliyobaki," alisema. "Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Basi na mimi nitakuja asubuhi," bibi shamba alisema, akaokota kalamu yake.

Jumamosi Cheche alikuwa anapitisha tupa kwenye panga wakati bibi shamba alipoingia uani na mabuti yake. Mkononi alikuwa na kikopo chenye mfuniko. Alikuwa amepitia kwa kinyozi, mtaa wa tatu, mwenye mpapai dume mmoja nyuma ya banda lake. Watu walimcheka kinyozi yule kwa kufuga mti usiozaa. Yeye aliwajibu kwamba nywele pia hazizai, mbona wanazileta kwake?

"Habari za asubuhi," bibi shamba alisema. "Weka panga chini, baba. Nina kazi dakika tano."

"Na wewe ni nani?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Ni wa kilimo, mama. Njoo na wewe uone."

Mama mkwe hakutaka kwenda, lakini hakutaka pia kupitwa. Alisogea.

Bibi shamba alichuma ua moja kubwa la mpapai, akalipasua kwa wembe. "Tazameni. Hiki cha duara humu ndani ndicho papai lenyewe, bado dogo. Juu yake kuna mdomo, umechanika vipande vitano. Mdomo huu unasubiri unga." Akafungua kikopo, akatoa ua dogo la dume. Alibandua majani yake meupe. Ndani mkawa na unga wa njano, ukamshika kidoleni. "Na unga ndio huu. Uani kwenu haupo. Mliukata."

Cheche alikuna shingo. "Lakini nilipulizia dawa."

"Ulipulizia lini?"

"Asubuhi. Maua yakiwa wazi."

"Basi umeua hata nyuki waliotaka kukusaidia," bibi shamba alisema bila kumbembeleza. "Mti ulikuwa na wadudu?"

"Hapana. Niliona tu maua yanaanguka."

"Dawa si maji, baba. Usipulizie mti usioumwa. Na usipulizie kamwe maua yakiwa wazi."

Kisha alimgeukia Sindano. "Wewe ni fundi, mkono wako umezoea kazi ndogo. Chagua ua la jike lililofunguka leo. Lililo bado tumba liache, lililoanza kuwa la kahawia liache. Shika ua la dume lililofunguka leo pia. Bandua majani. Gusisha unga kwenye mdomo wa jike, taratibu, mpaka uone rangi ya njano imebaki pale. Ua moja la dume linatosha majike mawili au matatu. Fanya asubuhi, umande ukishakauka. Mvua ikinyesha muda huohuo, rudia kesho."

Sindano alipanda kwenye kiti. Aligusisha ua la kwanza. Akagusisha la pili.

"Utajuaje yapi umeyafanya?" mama mkwe aliuliza. "Yakianguka mtasema hayo si yenyewe."

Lilikuwa swali la kumkomoa, lakini lilikuwa swali zuri. Sindano aliingia ndani akatoka na uzi mwekundu. Alifunga uzi kwenye kikonyo cha kila ua alilogusa, asikaze. Yalikuwa maua ishirini. Mengine kumi aliyaacha makusudi bila unga na bila uzi.

"Wiki tatu," alimwambia mume wake. Hakuomba, alisema. "Hakuna kugusa panga wiki tatu. Yenye uzi yakianguka, nitakata mwenyewe."

Cheche alitazama mama yake, akatazama bibi shamba, akatazama uso wa mkewe. "Haya," alisema.

Kabla ya kuondoka bibi shamba alizunguka kila shina. Alionyesha mahali maji yalipotuama. "Mpapai hautaki kusimama kwenye maji, mizizi inaoza. Inua udongo hapa, maji yatoke. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina." Halafu akasema jambo ambalo Sindano aliliandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. "Ukipanda tena, weka miche mitatu kila shimo. Miche midogo haikwambii ipi ni dume na ipi ni jike. Subiri maua ndipo upunguze. Bakiza dume moja, na liwe upande upepo unakotokea."

Kila asubuhi Sindano alikwenda kwa kinyozi na kikopo chake. Kila asubuhi alipanda kwenye kiti. Wapita njia waliuliza kama siku hizi anashonea miti nguo. Hakucheka.

Siku ya nne, maua matano kati ya yale kumi yasiyo na uzi yalikuwa chini. Siku ya nane, yote kumi yalikuwa chini.

Yenye uzi yalianguka matatu tu. Kumi na saba yalibaki. Majani meupe yalikauka yakadondoka, na pale pakabaki kitu cha kijani, kidogo kama kidole gumba. Kikawa kama yai. Kikazidi.

Sindano akiwa kwenye cherehani, mama mkwe alikuwa anakwenda kuyatazama. Alidhani haonekani. Siku ya kumi na tisa Sindano alimkuta pale chini ya mti, ameshika uzi mwekundu kwa vidole viwili, mdomo wazi.

"Mkono umepona?" Sindano aliuliza.

Mama mkwe aliachia uzi. "Mwanangu, mimi nilisema tu kama watu wanavyosema."

Na hapo mfuniko wa sufuria uliruka.

"Hapana, mama! Watu hawakusema. Ulisema wewe! Ulisema bombani, ukasema kwa muuza mkaa, ukasema mezani nikiwa nimekaa na kijiko mkononi. Miti ile ilikatiwa madume, ikapuliziwa dawa, halafu ikatukanwa kwamba haizai. Na mimi nikatukanwa pamoja nayo!"

Cheche alitoka karakanani, miwani ya kuchomelea ikiwa kwenye paji la uso. "Kelele za nini? Wateja wanasikia."

"Wasikie!" Sindano alisema. "Miaka sita wamesikia upande mmoja. Mimi nimepimwa hospitali mara tatu. Makaratasi yako kwenye droo ya cherehani. Mara zote daktari amesema sina tatizo, nije na mume wangu. Mara zote nimekuomba. Ukasema kesho, ukasema mwezi ujao, ukasema geti la mteja likiisha. Umepimwa lini, mume wangu? Sema hapa mbele ya mama yako. Umepimwa lini?"

Mama mkwe alimgeukia mwanawe taratibu.

"Si uliniambia ulipimwa?" aliuliza. "Si uliniambia wewe uko sawa, tatizo ni la mwenzako?"

Cheche alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza!"

"Sikwenda, mama. Niliogopa."

Mama mkwe alikaa chini, palepale kwenye majani makavu. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi. Safari hii yalitoka kwa kishindo, na hayakumwendea Sindano.

"Uliogopa! Ukaniacha nizunguke mtaa mzima namchafua mtoto wa watu! Uliniona nikienda, ukanisikia nikisema, ukala ukashiba! Mimi sasa nitaweka wapi uso wangu?" Alimrushia kiatu. Kilimpata begani. "Jumatatu unakwenda hospitali. Usipokwenda, nitakupeleka mwenyewe nimekushika mkono kama ulipokuwa unakwenda chanjo."

Jumatatu Cheche alikwenda na mkewe. Alipimwa, na akakutwa na tatizo. Daktari alisema mambo kama hayo yanawapata wanaume wengi, na mengi yanatibika, ila wanaume hawaji. Alimwandikia dawa, akawataka warudi wote wawili kila mwezi. Cheche alipotoka kwenye chumba cha daktari alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono.

"Nisamehe," alisema.

"Kwanza meza dawa," Sindano alimjibu.

Naye alimeza. Jumamosi aliinua udongo kwenye mashina bila kuambiwa, akachimba mashimo manne kando ya ukuta. Walipanda miche mitatu kila shimo. Maua yalipotoka, hakuna aliyegusa mti mpaka Sindano alipokagua. Walibakiza dume moja, upande wa upepo. Nyuki walirudi, kwa kuwa hapakuwa tena na dawa, na Sindano akapumzika kupanda kwenye kiti.

Mama mkwe naye alikuwa na safari zake. Alirudi bombani. Alirudi kwa muuza mkaa. Alirudi kwenye mkutano wa kina mama, akasimama mbele yao, akasema, "Yale niliyoyasema juu ya mkwe wangu yalikuwa uongo. Mwenye kosa ni mwanangu, na mimi niliyeyapokea maneno yake." Ilimchukua wiki nzima kujikaza aseme. Mama mmoja alipocheka, alimkodolea macho mpaka akanyamaza.

Mwezi wa sita tangu uzi mwekundu ufungwe, mapapai ya kwanza yalianza kupata mistari ya njano. Sindano alichuma moja, akaliweka mezani siku mbili mpaka likalainika. Siku ya kulipasua, mama mkwe alishika kisu mwenyewe. Alipasua, akatoa mbegu nyeusi kwenye bakuli ili zianikwe, akakata kipande kinene kuliko vyote. Alikishika kwa mikono miwili, akampa Sindano kabla ya mwanawe, kabla ya yeye mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Sindano alikipokea. Kilikuwa kizito, chekundu ndani, na maji yalimtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Aliuma. Kilikuwa kitamu kweli. Alitafuna taratibu, akameza, na wote wawili walikuwa wanamsubiri.

"Nitakusamehe, mama," alisema. "Lakini si leo. Leo bado nina hasira."

Kisha akausogeza ule upande mwingine wa papai katikati ya meza.

"Kaa," alisema. "Tule."